Uzi: Wanafunzi wa uzamili wa ubunifu na vikorombwezo vilivyotengenezewa watu wengine

#1 Pindo la Ndani (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi usiku, nikiwa nimechoshwa na sura ya pili ya tasnifu ambayo haisongi mbele wala hairudi nyuma, nilitoa kila kitu nilichokuwa nimevaa na kubeba siku ile nikakipanga mezani kama karani anayehesabu mali. Palikuwa na begi la mgongoni la Kånken, mkoba wa Freitag wa kuning'iniza begani, kalamu ya wino ya Lamy Safari, saa ya Casio F-91W, kulabu ya wapanda milima yenye funguo nne, koti la buluu la vibarua lenye mifuko mitatu ya kubandika, na miwani ya mviringo yenye fremu nzito nyeusi. Nilivitazama kwa muda, kisha nikacheka peke yangu, kwa sababu ukiondoa miwani hakuna hata kimoja ambacho aliyekibuni alikuwa akimfikiria mtu wa aina yangu.

Kånken ilitoka mwaka 1978 kwa ajili ya watoto wa shule wa Uswidi, wakati ambapo mikoba ya kuning'inizwa bega moja ilikuwa ikilaumiwa kwa kuwaumiza migongo, na ujazo wake wa lita 16 ulikusudiwa kuingiza majalada mawili ya karatasi za A4. Safari, iliyotoka mwaka 1980, nayo ni kalamu ya wanafunzi wadogo, ndiyo maana mahali pa kushikia pamebapishwa pande mbili ili vidole vya mtoto vijue pa kukaa bila kuelekezwa. Koti la buluu ni vazi la kazi la wafanyakazi wa Ufaransa. Kulabu ni ya mtu anayening'inia kwenye mwamba. Saa ya Casio, iliyoanza kuuzwa mwaka 1989, ina uzito wa gramu 21 na betri inayodumu takriban miaka 7, na kwa jinsi ilivyo haimwambii yeyote kwamba mvaaji wake ni msomi wa ubunifu. Turubai la Freitag lilikuwa likifunika shehena ya lori kabla halijafunika kompyuta yangu.

Kwa hiyo mimi, mtu mzima anayeandika tasnifu ya shahada ya uzamili katika usanifu wa bidhaa, natembea nikiwa nimebeba begi la mtoto, nimevaa koti la kibarua, nimefunga funguo kwa chombo cha mpanda milima, na sijawahi kupanda mlima wowote. Nikiangalia wenzangu katika studio naona hali ni ile ile, isipokuwa kwamba wengine wameongeza raba za kukimbilia kwenye njia za milimani, ambazo huvaliwa kutoka kwenye kiti hadi kwenye mashine ya kuchapishia na kurudi.

Sisemi hili kwa kujidharau. Nimejaribu kulitafutia maelezo, na ninadhani chanzo chake kiko katika mafunzo yenyewe. Tumefundishwa kwa miaka mingi kukipenda kitu kilichotatua tatizo la kweli kwa njia fupi kuliko zote, na kukishuku kitu kilichopambwa ili kipendwe. Mtu aliyefundishwa hivyo hawezi kwenda dukani akanunua mkoba wenye nembo kubwa ya dhahabu bila kujisikia kwamba amesaliti jambo fulani. Basi huenda akatafuta chombo kilichozaliwa mahali penye tatizo halisi, iwe barabarani, kiwandani au darasani kwa watoto, na kukiazima pamoja na uzito wake wa maana. Uzamili ni kipindi kisicho na sura: si mwanafunzi tena kwa maana ya zamani, wala si mtaalamu bado. Chombo cha mtu ambaye kazi yake inajulikana kinatukopesha sura hiyo tunayoikosa.

Hapo ndipo ninapoanza kujitilia shaka. Tunasema hatupendi nembo, lakini tumeweka hadithi mahali pa nembo. Alama ndogo kwenye begi, kishikizo cha kalamu kilichopindwa kama waya mnene, rangi ya turubai isiyofanana na nyingine yoyote: yote hayo husomeka vizuri kabisa, ila na mtu aliyefundishwa kuyasoma. Mwanasosholojia wa Ujerumani Georg Simmel aliandika mwaka 1904 kwamba mtindo hutosheleza matamanio mawili kwa pamoja, la kufanana na wengine na la kutofautiana nao, na sijaona mahali panapolithibitisha hilo kama siku ya kutetea kazi, ambapo watu kumi na mmoja kati ya kumi na wanne tulisimama mbele ya wahakiki tukiwa tumevaa nyeusi tupu, kila mmoja akiamini amechagua mwenyewe.

Swali langu ni moja. Katika vitu mnavyovaa na kubeba, ni kipi ambacho kinafaa kwa kazi mnayoifanya ninyi wenyewe, si kazi ya mtu mliyemwazima? Naomba mseme kinavyofanya kazi, msiishie kutaja chapa.

Naomba kuwasilisha.

#2 Kadibodi Mbili

Mleta uzi, hongera kwa hesabu hiyo ya mali, ila naomba nikusahihishe mahali pamoja kabla hatujaendelea. Freitag hukuiazima kwa dereva wa lori. Markus na Daniel Freitag walikuwa wabunifu wa michoro jijini Zürich, na mwaka 1993 walitaka mkoba wa kubebea kazi zao wakiwa kwenye baiskeli bila kuloweshwa na mvua. Walichukua turubai kuukuu la lori, mkanda wa usalama wa gari ukawa kamba ya begani, na mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukawa upindo wa kingo. Malighafi ndiyo iliyotoka kwa watu wengine. Tatizo lilikuwa lao, na ni lile lile la kwetu. Kwa hiyo katika orodha yako kipo kitu kimoja kilichobuniwa na mtu wa aina yako kwa ajili ya mtu wa aina yako, nawe umekiweka upande usio wake.

Baada ya hapo nakubaliana nawe, na kwangu mimi ninayesoma usanifu majengo ushahidi ni vipimo. Karatasi ya A4 ina milimita 210 kwa 297, na karibu kila begi zuri linalosifiwa kwa unyofu wake limepimwa kwa karatasi hiyo. Maisha yangu hayako kwenye A4. Daftari langu la michoro ni la A3, yaani milimita 297 kwa 420, na michoro ya mwisho ni ya A1, ambayo ukiikunja kwa upande mfupi bado inakuachia bomba la milimita 594. Nilitumia Kånken kwa mihula miwili. Zipu yake haikuwahi kufungwa hata siku moja nikiwa na daftari ndani. Ilisimama katikati ya njia pande zote mbili, na daftari likachungulia nje sentimita kama kumi. Mvua iliponyesha nikiwa njiani kuelekea tathmini ya katikati ya muhula, ni zile sentimita kumi tu zilizolowa, katika kila ukurasa, kwa mstari ulionyooka kana kwamba nimeupiga kwa rula. Mhakiki mmoja aliuliza iwapo ule ukanda wa kijivu uliorudiwa juu ya kila mchoro ulikuwa ni anga. Nilijibu ndiyo.

Kuhusu miwani ya mviringo, wengi hudhani tunawaiga wasanifu majengo Le Corbusier au I. M. Pei, na sikatai kwamba wengine tunafanya hivyo. Lakini ipo sababu ya kimaumbile ambayo sisi wenye macho yasiyoona mbali tunaijua vizuri. Lenzi zetu huwa nyembamba katikati na nene ukingoni, na kadiri lenzi inavyokuwa pana ndivyo ukingo unavyozidi kunenepa. Fremu ndogo ya mviringo huondoa sehemu iliyo nene kuliko zote, na ukingo mpana wa asetati, yaani plastiki ya kutengenezea fremu, hufunika unene uliobaki. Isitoshe, asetati hulainika ikipashwa joto kwa kiasi, hivyo daktari wa miwani anaweza kuipinda ikakaa sawasawa nyuma ya sikio. Katika mwonekano wetu wote mimi naona hicho ndicho kitu kinachostahili heshima kinayopewa.

#3 Mshono wa Pili

Kaka Pindo, nimesoma hoja yako nikaona inamhusu mtu mwenye mifuko.

Wewe una koti lenye mifuko mitatu ya nje, na ninahisi suruali yako ina minne zaidi. Suruali niliyovaa ninapoandika haya, iliyoshonwa vizuri kwa kitambaa kizuri, ina mifuko miwili ya mbele ambayo kina chake ni upana wa kiganja changu. Simu ikiingia, nusu yake hubaki nje, na nikiketi huanguka. Gauni nililovaa siku ya kutetea kazi halikuwa na mfuko wowote, kwa hiyo rimoti ya kubadilishia picha niliishika mkononi kwa dakika arobaini, pamoja na kalamu, na nilipotaka kuonyesha kitu kwenye mfano wangu wa kadibodi ilinibidi kwanza nimpe mhakiki vile vitu anishikie.

Ndiyo maana kwa wanawake wengi walioko studio hivi mnavyoviita vikorombwezo ni mifuko tuliyonyimwa, ambayo tumeitoa kwenye nguo tukaining'iniza nje yake. Kimkoba kinachopita kifuani, kamba ya shingoni yenye kadi ya mlango, kulabu kwenye tanzi la mkanda, hata skafu ninayofungia visikizi vyangu vya waya ili visipotee: kila kimoja kinafanya kazi ya mfuko fulani ambao mshonaji hakuuweka. Visikizi vya waya vimerudi kwa kishindo, na watu wanasema ni kumbukumbu ya utoto. Mimi nimevirudia kwa sababu havihitaji kuchajiwa na haviwezi kudondoka kimoja kimoja chini ya meza ya kukatia.

Kwa hiyo nikijibu swali lako moja kwa moja, kitu kinachofaa kazi yangu ni nguo za mikunjo za mbunifu wa mavazi wa Japani Issey Miyake, za mtindo wa Pleats Please, ulioanzishwa mwaka 1993. Ninayo moja tu, nayo nilirithi kwa mtu aliyeichoka. Namna inavyotengenezwa ni somo kamili la ubunifu: nguo hukatwa na kushonwa ikiwa kubwa mara mbili na nusu hadi tatu ya umbo lake la mwisho, kisha huwekwa katikati ya karatasi na kupitishwa kwenye mashine ya joto, ikatoka imejikunja moja kwa moja. Haihitaji pasi. Naweza kuiviringisha nikaitia ndani ya kikombe, nikalala studio, nikaivaa asubuhi nikaonekana kama niliyelala nyumbani. Kasoro yake ni hiyo hiyo: haina mfuko.

#4 Ovaroli

Ndugu zangu, nimesita kuandika kwa sababu hoja yangu haipendezi, ila mleta uzi ametaja koti la buluu na siwezi kulipita.

Marehemu baba yangu alivaa ovaroli kwa miaka mingi, na jambo ninalolikumbuka zaidi ni kwamba hakutoka nayo nje ya lango la kiwanda. Aliivua, akaikunja ikiwa imegeuzwa ndani-nje ili grisi isiguse kitu, akavaa shati lililopigwa pasi kwa safari ya kurudi nyumbani. Kwake shati lile ndilo lililomtambulisha. Ovaroli ilikuwa ni kifaa kama spana. Sasa ninaketi darasani na mwenzangu aliyenunua koti jipya la vibarua ambalo limechujishwa rangi makusudi kiwandani, likasuguliwa viwiko ili vionekane vimechakaa, na lina matone matatu ya rangi nyeupe yaliyowekwa na mtu aliyelipwa kuyaweka. Niliyatazama matone hayo kwa karibu. Yalikuwa yote kwenye upande wa kushoto, makavu, ya ukubwa mmoja. Mtu anayepaka rangi kwa mkono wa kulia hujichafua mkono wa kulia kwanza.

Sikatai kwamba wabunifu wamelihusudu vazi la kazi tangu zamani. Msanii wa Urusi Aleksandr Rodchenko alijibunia vazi la kazi mnamo mwaka 1922 na mkewe, Varvara Stepanova, akalishona. Msanii Thayaht wa Florence, Italia, alibuni ovaroli yake iliyokatwa kwa mistari iliyonyooka, na ramani ya kuikata ikachapishwa katika gazeti mwaka 1920 ili yeyote mwenye kitambaa aishone mwenyewe. Lakini angalieni tofauti. Hawa walikuwa wakijaribu kubuni vazi jipya kwa maisha waliyodhani yanakuja, na mmoja wao akaligawa gazetini. Sisi hatubuni chochote. Tunanunua uchakavu wa mtu mwingine, tena ulioigizwa.

Ninamwondoa lawamani mpiga picha Bill Cunningham, aliyefariki mwaka 2016. Yeye alivaa koti la wafanyakazi wa Ufaransa kwa miaka mingi akizunguka New York kwa baiskeli kupiga picha za mavazi ya watu mitaani, na lilikuwa limefikia hadhi ya sare yake. Lilikuwa imara, lilikuwa na mifuko, naye alifanya kazi ndani yake mpaka likachakaa kwa haki.

#5 Pindo la Ndani (mleta uzi)

Mkuu Ovaroli, nimekupata, na maneno kuhusu matone ya rangi yamenichoma kwa sababu nimekwenda kulikagua koti langu. Halina matone, lakini viwiko vimefifia kuliko mgongo, nami nimelivaa miezi minne tu.

Dada Mshono, hoja yako imepindua uzi wangu, nami nakiri kwamba sikuifikiria kabisa. Suruali yangu ina mifuko sita.

Kadibodi Mbili, kuhusu Freitag umeshinda.

#6 Rangi Iliyochuja

Mimi nasomea nguo zenyewe, kwa hiyo niruhusuni niseme juu ya nyeusi, kwa kuwa kila mtu anaitaja na hakuna anayeieleza.

Nyeusi ya wabunifu mara nyingi huhusishwa na wabunifu wa mavazi wa Japani Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto, ambao mwaka 1981 walianza kuonyesha kazi zao Paris na kuwashtua watu waliokuwa wamezoea rangi na mapambo. Kwao ilikuwa ni kauli. Kwa mwanafunzi wa uzamili ni njia ya kutofikiri asubuhi: kila kitu kinaoana na kila kitu. Tatizo ni kwamba hakioani. Pamba nyeusi hupoteza rangi kwa kufuliwa na kusuguliwa, ikaelekea kijivu au hudhurungi; poliesta huishika rangi yake kwa muda mrefu zaidi; sufu ina nyeusi yenye kina ambayo haifanani na hizo mbili. Mtu anayeingia chini ya taa za ukumbi wa maonyesho akiwa na fulana ya pamba ya mwaka juzi, suruali ya poliesta na koti la sufu amevaa rangi tatu, na macho yaliyofundishwa huziona zote. Fueni kwa maji baridi, nguo ikiwa imegeuzwa, na mkaushe kivulini.

Nyeusi huficha wino na risasi ya penseli, jambo linalowafaa wachoraji. Haifichi vumbi la plasta, unga wa povu la kuchongea wala nyuzi za gundi ya moto. Ninyi mnaojenga mifano mngevaa kijivu cha wastani mkatulia.

Nimalizie na mifuko ya pamba ya kubebea mkononi, hii inayogawiwa kwenye kila maonyesho na kila kongamano, ambayo imekuwa ndiyo beji ya mahali mtu alipofika. Nimehesabu yangu ni 23. Mwaka 2018 wakala wa mazingira wa Denmark ulitoa tathmini iliyolinganisha mifuko ya kubebea vitu. Ukiangalia athari za mabadiliko ya tabianchi pekee, mfuko wa pamba ya kawaida ulihitaji kutumika mara 52 ili ulingane na mfuko mwepesi wa plastiki, na ukijumlisha vigezo vyote vya mazingira vilivyopimwa, mara 7,100. Nimepiga hesabu kwa mifuko yangu 23 nikaacha kabla ya kufika mwisho. Mfuko wa kwanza ni kifaa. Kuanzia wa pili ni kumbukumbu ya safari, na tungeuita hivyo.

#7 Pembetatu

Ninaongeza jambo moja fupi kuhusu bidhaa za kuiga, kwa sababu linatuhusu sisi kuliko watu wengine. Mkoba wa Bao Bao wa kampuni ya Issey Miyake, ule wa vipande vya pembetatu vinavyojikunja kwa namna isiyotabirika, ulianza mwaka 2000 ukiitwa Bilbao, kwa kurejelea jumba la makumbusho la Guggenheim alilolisanifu Frank Gehry katika mji wa Bilbao, Hispania. Nakala zake zimejaa kila mahali, na nimeziona mikononi mwa wanafunzi ambao wiki hiyo hiyo walilalamika kwamba picha za kazi zao zimechukuliwa mtandaoni bila ruhusa. Nilimuuliza mmoja wao, naye akajibu kwamba pembetatu ni za ulimwengu mzima. Pembetatu ni za ulimwengu mzima, kweli. Mpangilio ule si wa ulimwengu mzima. Kama uwezo wa kuupata mkoba halisi haupo, na kwa wengi wetu haupo, ipo mikoba mingi mizuri isiyojifanya kitu kingine, na ipo mitumba.

#8 Mkono wa Sekunde

Mleta uzi hakuitaja saa ninayoipenda, nayo inatia nguvu hoja yake. Saa za Mondaine zina uso wa saa ya stesheni za reli ya Uswisi, iliyobuniwa na mhandisi Hans Hilfiker mwaka 1944, na mkono mwekundu wa sekunde ukaongezwa mwaka 1953 kwa umbo la kile kibao cha duara ambacho mkuu wa stesheni hukiinua kuruhusu treni iondoke. Kule stesheni mkono huo huzunguka kwa takriban sekunde 58 na nusu, kisha husimama kileleni kungoja ishara ya dakika, ili saa zote ziende pamoja. Ninayo ya mkononi, na sina treni ninayoiongoza. Hata hivyo naitazama mara nyingi kuliko inavyohitajika, na sioni aibu. Si kila kitu mwilini lazima kifanye kazi ya mwenye mwili.

#9 Kadibodi Mbili

Wakuu, narudi baada ya wiki mbili. Swali la mleta uzi lilinikaa kichwani, nikaamua kuacha kulalamikia A4 na kushona kitu cha A3.

Ni mfuko bapa wa sentimita 46 kwa 34, wa turubai la pamba, unaofunguka kwa upande mrefu ili daftari liteleze badala ya kudumbukizwa. Kifuniko kinashuka hadi nusu ya uso wa mbele, kwa hiyo mvua haioni njia. Chini nje kuna vitanzi viwili vya kushikia bomba la michoro ya A1, ambalo linazidi mfuko kwa sentimita chache kila upande na halinigongi magotini. Ndani, pembeni, nimeweka ala nyembamba ya kisu cha kukatia kadibodi, na kwenye sakafu ya ala hiyo nimeshonea kipande cha ngozi, kwa sababu mfuko wangu wa awali wa pamba ulitobolewa na kisu hicho kikadondoka kwenye ngazi mbele ya watu. Kamba ya begani ni mkanda wa usalama wa gari uliotumika, wazo ambalo nimelichukua kwa ndugu wa Zürich bila kuficha.

Kazi ilikuwa ngumu mahali pamoja tu, pale kamba inapokutana na mfuko. Ukijumlisha turubai lililokunjwa mara mbili na mkanda uliokunjwa mara mbili, cherehani ya nyumbani inalia. Sindano namba 90 ilivunjika mara mbili, na kipande kimoja kiliruka kikagonga lenzi ya miwani yangu, ile niliyoisifia. Nilipoweka namba 110 na kuzungusha gurudumu kwa mkono, mshono mmoja baada ya mwingine, ilipita. Nimeshona mraba wenye msalaba ndani yake, kama inavyoshonwa mikanda ya kubebea mizigo, kwa uzi mweusi juu ya turubai la rangi ya mchanga. Mistari haijanyooka vizuri. Wenzangu wawili wameshaniuliza ni chapa gani.

#10 Mshono wa Pili

Kaka Kadibodi, hongera sana. Umesema kila kitu isipokuwa jambo moja: una mfuko mdogo wa nje wa simu?

#11 Kadibodi Mbili

Dada Mshono, sikuuweka, na nilipokusoma nilijiona mjinga. Jana nimeubandika nyuma, upande unaogusa nyonga, kina chake ni sentimita 18, na simu inazama yote.

#12 Pindo la Ndani (mleta uzi)

Kaka, naomba ramani ya kukatia uiweke hapa kama alivyofanya yule bwana wa Florence gazetini. Nimeliuza koti la buluu na nina turubai linalonitosha. Funguo nitazifunga wapi, au niendelee na kulabu?

#13 Kadibodi Mbili

Ramani nitaiweka kesho nikishaichora upya kwa vipimo safi. Kulabu endelea nayo, nimeacha tanzi lake karibu na kamba ya kulia. Angalia tu ubavuni mwake; yangu imechongwa maandishi madogo ya kuonya kwamba si ya kupandia milima.